Dada wa Chini ya Meza

Jumamosi hiyo Mama Chupa aliamka akiwa amechoka tayari, kama mtu aliyelala huku anatembea.

Si jina alilopewa na wazazi. Wanafunzi wa udaktari ndio waliompachika, kwa sababu kwa miaka kumi na minne alitunza chupa za makumbusho ya mwili wa binadamu pale chuoni: kuzifuta vumbi, kuongeza dawa ilipopungua, kubandika upya karatasi zilizobanduka. Ndani ya chupa hizo kulikuwa na mioyo, figo, mapafu ya wavutaji sigara, na mkono mmoja uliokunja ngumi kama unadai haki yake. Hakuwahi kuogopa hata kimoja. "Wafu hawana shida," alizoea kusema. "Shida wanazo hawa wanaokula."

Kilichomchosha kilikuwa nyumbani. Mama yake mzazi alipigwa na kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa mtu wa kulala tu, hasemi, hageuki bila kugeuzwa. Kila asubuhi Mama Chupa alipitisha kiganja cha kushoto chini ya kisogo cha mama yake, akakiinua kichwa taratibu, na kwa mkono wa kulia akamnywesha uji kijiko baada ya kijiko. Kichwa cha mgonjwa ni kizito. Hujui mpaka ukibebe kila siku.

Mdogo wake alipiga simu kabla uji haujaisha.

"Dada, leo sitaweza kuja kukaa na mama. Nimebanwa."

"Umebanwa na nini, na mlango?"

"Jamani, dada."

Alikata simu, akamwomba mama wa nyumba ya pili aje akae na mgonjwa, akatoka na kipande cha mkate mkononi. Njiani alikumbuka kwamba hajachana nywele. Akaona ni sawa tu. Anaowahudumia wengi wao hawana macho.

Ila leo wangekuwepo wenye macho, tena wengi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu chuo kijengwe kwa makumbusho kufunguliwa kwa watu wa kawaida. Profesa, mkuu wa idara, alibakiza miezi michache astaafu, na hilo ndilo alilotaka kuliacha nyuma. "Waje na watoto wao," alisema kwenye kikao. "Washike, wapime, wapange. Waache kutuogopa." Kwa hiyo bango lilitundikwa getini: Siku ya Familia, Njoo Uujue Mwili Wako. Meza zikapangwa katika ukumbi wa nyuma, ule wa chini wenye sakafu ya saruji. Meza moja ilikuwa na moyo wa plastiki unaofunguka kama kabati. Nyingine ilikuwa na vipimo vya kusikiliza mapigo. Meza ya Mama Chupa ilikuwa ya mwisho kabisa, refu, imefunikwa kitambaa cha buluu kilichofika chini, na juu yake alilala Shemeji.

Shemeji ni mifupa ya mtu mzima, mia mbili na sita, ya kufundishia. Wanafunzi walimwita hivyo kwa sababu, walisema, anakaa nyumbani kwenu muda mrefu, anakuangalia tu, na hasemi anataka nini. Kila mfupa wake uliandikwa namba kwa wino mweusi. Kazi ya watoto ilikuwa kuichukua mifupa ikiwa imechanganywa na kumpanga Shemeji upya kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu.

Saa tatu geti lilifunguliwa, na ndani ya nusu saa ukumbi ulijaa kelele kama kuku wametupiwa mahindi. Baba mmoja alijipima mapigo akamwambia mkewe, "Unaona? Ninao moyo." Mkewe akajibu, "Ngoja wathibitishe." Watu walicheka. Mama Chupa naye alijikuta anatabasamu, na mdomo ulimuuma kidogo, kama kiungo kisichozoea kazi.

Mtoto wa kwanza kumletea tatizo alikuwa binti wa miaka sita hivi, mwenye pengo la meno mawili.

"Mama, huu hauna namba."

Ulikuwa ubavu. Mama Chupa aliugeuza, akautafuta wino, hakuuona. Akauweka kwenye sinia la chuma pembeni, akifikiri ni wa boksi jingine uliojichanganya wakati wa kupanga. Mtu aliyechoka hukosea. Akahesabu mbavu za Shemeji. Zilikuwa ishirini na nne. Zote zipo.

Familia iliyofuata ilileta pingili mbili za uti wa mgongo. Hazikuwa na namba. Iliyofuata ikaleta pia ya goti. Mama Chupa aliendelea kuiweka kwenye sinia, lakini sasa alikuwa anaitazama vizuri. Mifupa ya Shemeji ilikuwa ya njano kama meno ya mvutaji, imelainika kwa kushikwashikwa na wanafunzi wa miaka mingi. Hii ilikuwa myeupe, na ilikuwa baridi. Si baridi ya kivulini. Baridi ya kitu kilichotoka chini kabisa.

Alimwachia meza mwanafunzi mmoja wa kujitolea, akaenda stoo. Maboksi ya mifupa mingine yalikuwa manane. Yote manane yalikuwa yamefungwa kwa utepe aliouweka mwenyewe mwezi uliopita, na juu ya utepe kulikuwa na vumbi ambalo hakuna aliyeligusa. Alisimama pale kidogo, amejishika kiuno. Kisha akarudi ukumbini.

Aliacha mifupa minne kwenye sinia. Alikuta kumi na tisa.

"Hii imetoka wapi?" alimuuliza yule mwanafunzi.

"Watoto wanaileta. Si umeichanganya wewe?"

Alichuchumaa mbele ya kijana mdogo aliyekuwa ameshika mfupa wa paja kwa mikono miwili.

"Baba, huo umeupata wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Dada."

"Dada gani?"

Mtoto alimshangaa, kama unavyomshangaa mtu mzima anayeuliza maji yako wapi huku amesimama mtoni. Akaelekeza kidole kwenye kitambaa cha buluu.

"Huyo wa chini ya meza."

Mama Chupa alikaa vilevile, amechuchumaa. Kelele za ukumbi zilikuwa palepale, watu wanacheka, moyo wa plastiki unafunguliwa na kufungwa. Alinyoosha mkono akainua kitambaa. Chini kulikuwa na miguu minne ya meza na sakafu tupu. Akakishusha. Alipousimamisha mgongo wake, aliona kwamba mama wa yule mtoto alikuwa anacheka.

"Msamehe, huyu kwa kutunga uongo hajambo," mama akasema, akamvuta mwanawe.

Mtoto aligeuka, akaupungia mkono ule upande wa meza. Kitambaa kikatikisika kidogo. Ukumbini hamkuwa na upepo.

Ikafika mchana. Watu waliingia, wengine wakatoka. Mama Chupa angeweza kuifunga meza yake. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo, na jibu alilolipata ni moja tu: alikuwa amechoka mno hata kuogopa. Woga nao unataka nguvu. Badala yake aliisogeza mifupa ya Shemeji upande mmoja, akaanza kuipanga hii mingine kando yake. Mikono yake haikujua kufanya jingine. Nyonga zikaja. Mbavu zikatimia. Mtulinga wa kulia ukaja mkononi mwa binti wa shule, wa kushoto ukaletwa na mapacha waliokuwa wanagombania kuushika.

Ndipo aliposhika kichwa cha mfupa wa paja, akaona mstari. Ncha ile ilikuwa haijaungana sawasawa na mfupa wenyewe. Akatazama mabega. Vivyo hivyo. Mifupa ya mtu anayeendelea kukua huwa hivyo. Miaka kumi na mitano, kumi na sita. Nyonga zilikuwa pana.

Alikuwa msichana.

"Imefika mingapi?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Ukutani kulikuwa na benchi, na juu ya benchi alikaa bibi mmoja. Mama Chupa alikumbuka kumwona tangu asubuhi, tangu geti lifunguliwe, amekaa palepale na mkoba mtupu wa kitambaa umekunjwa mapajani. Alidhani anawasubiri wajukuu.

"Unasemaje, Bibi?"

"Mifupa. Imefika mingapi?"

Mama Chupa alitazama kushoto na kulia. Akainama, akanong'ona, "Mia na hamsini hivi. Bibi, unajua nini kuhusu hii mifupa?"

"Mwanangu, nipe maji kwanza. Nimetoka mbali."

Akampa chupa ya maji yake. Bibi alikunywa polepole, akaifunga, akairudisha. Alizungumza bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayesoma barua aliyoisoma mara mia.

Miaka thelathini na moja iliyopita alimleta binti yake hospitali ya chuo hiki. Tumbo. Binti alilazwa kitanda cha dirishani, na siku ya tatu akafariki. Bibi, enzi hizo mama mwenye nguvu zake, aliambiwa arudi kwao akalete barua ya serikali ya mtaa ndipo apewe mwili. Akaenda. Mvua ikavunja daraja. Alirudi siku ya tisa akiwa na barua yake, miguu imevimba. Kwenye chumba cha maiti akaambiwa mtu huyo hayupo. Hakuna aliyejua alikopelekwa.

"Kila mwaka nimekuja," alisema. "Kila mwaka wananizuia getini. Hapa ni kwa wanafunzi, Bibi. Hapa haparuhusiwi, Bibi. Nimeanza kuja nikiwa natembea wima, sasa natembea hivi. Leo ndiyo siku ya kwanza geti kuniambia karibu."

"Na ulijuaje kwamba..."

"Sikujua. Nilikaa tu hapa nikamwambia nimefika."

Mama Chupa alihisi vinyweleo vikimsimama kuanzia mikononi hadi shingoni. Pale mezani mtoto mwingine alikuwa ameinuka kutoka sakafuni, mkono umejaa vijifupa vidogo vya vidole, kama mtu aliyeokota karanga.

"Amesema hivi ndivyo vya mwisho vya mkono," mtoto alisema. Kisha akasita. "Amesema amechoka."

"Amechoka na nini?" Mama Chupa aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Kukaa vipande vipande."

Bibi pale benchini alifumba macho. Hakulia. Mtu akilia miaka thelathini na moja, mwisho kisima hukauka.

Saa tisa ukumbi ulianza kupwaya. Watoto walikuwa na njaa, wazazi wanatafuta viatu vilivyovuliwa. Mwanafunzi wa kujitolea aliomba ruhusa, akaondoka. Juu ya kitambaa cha buluu sasa walilala wawili: Shemeji wa njano mwenye namba zake, na kando yake mwembamba mweupe asiye na namba. Mguu wa kushoto upo. Wa kulia upo. Hata vile vijifupa vya kisigino vilikuwa vimekaa mahali pake. Taya la chini lilikuwa limefika, na meno yake mazuri, madogo, yamepangika.

Fuvu halikuwepo.

Mtoto wa mwisho alikuwa binti mwenye miwani minene, aliyekuja na babu yake. Babu alikuwa amesinzia kwenye kiti. Binti alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kitambaa, akakaa huko. Mama Chupa aliona visigino vyake tu. Vilikuwa vimetulia. Kisha akatoka, amekunja uso.

"Kichwa hatoi," alisema.

"Kwa nini?"

"Amesema nitakiangusha. Amesema aje anayejua kubeba kichwa."

Mama Chupa hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale kuhusu mama yake. Hata Profesa hakujua.

"Amesema ni wewe," binti akaongeza, kwa upole, kama anayepeleka salamu. Akamwamsha babu yake, wakaondoka wameshikana mikono.

Ukumbi ukabaki na watu wawili. Nje jua lilikuwa bado kali, linaingia madirishani na kuweka miraba ya mwanga sakafuni. Mwanga huo ulifika hadi kwenye pindo la kitambaa cha buluu na kuishia hapo.

"Bibi," Mama Chupa alinong'ona. "Mimi siwezi."

"Hata mimi nilisema hivyo," Bibi alijibu. "Siku nilipoona daraja halipo."

Mama Chupa akapiga magoti. Sakafu ilikuwa ya baridi. Hakuinua kitambaa. Aliogopa akiinua ataona patupu, na aliogopa zaidi akiinua asione patupu. Akapitisha mkono wa kushoto chini ya pindo, kiganja kikitazama juu, kama anavyofanya kila asubuhi.

Hakuna kitu.

Akasogeza mbele. Kiwiko kikaingia.

Hakuna kitu.

Kisha nywele.

Zilikuwa zimesukwa. Alizihisi mstari kwa mstari, mabutu madogo yaliyobana, yana mafuta. Kisogo kikajiegemeza kwenye kiganja chake, taratibu, kwa uzito wote, kama anavyojiachia mtu aliyesimama siku nzima. Kilikuwa cha moto. Pumzi ikampita kwenye mshipa wa mkono. Ikatoka. Ikakaa. Ikatoka tena, ndefu.

Mama Chupa alitaka kupiga kelele. Alitaka kuuvuta mkono. Lakini mkono una mazoea yake, na mkono ule kwa mwaka mzima na nusu haukuwahi kukiangusha kichwa cha mtu. Ukashikilia. Vidole vikatanuka vyenyewe kukizunguka kisogo.

Sauti ikasema kitu. Chini sana. Haikusema naye.

"Mama amefika?"

Bibi alisikia. Kutoka benchini akajibu, "Nimefika, mwanangu. Njia ilikuwa mbaya."

Pumzi ikatoka mara ya mwisho. Kile kilichokuwa kiganjani kikawa chepesi ghafla, nywele zikayeyuka kama moshi kati ya vidole, na Mama Chupa akautoa mkono wake kwenye mwanga. Kiganjani lilikaa fuvu jeupe, dogo, kavu. Alilipeleka mezani, akaliweka mahali pake. Kisha akakaa chini kama gunia.

Hapo ndipo Profesa alipoingia kupitia mlango wa nyuma, anapangusa miwani.

"Watu mia nne na kumi!" alisema kwa furaha. "Mama Chupa, tumefanya..." Akaiona meza. Akavaa miwani. "Huyu wa pili ni wa nani?"

"Si wetu," Mama Chupa alisema kutoka sakafuni. "Kwenye daftari hayumo. Hana namba."

Profesa alisogea. Aliyatazama yale meno madogo. Kisha akamwona Bibi, akamtazama muda mrefu, na rangi ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kikikamuliwa.

"Wewe ulikuwa kijana mwembamba," Bibi alimwambia. "Uliniandikia jina langu kwenye karatasi. Ukaniambia, mama, nenda, tutamtunza."

Profesa akavuta kiti. Akakaa pembeni ya meza. Kwa mara ya kwanza Mama Chupa aliona kwamba naye ni mzee.

"Umeme ulikatika wiki ile," alisema, hatazami mtu. "Majokofu yote yakafa. Tukapewa amri, wasiokuwa na ndugu waondolewe. Mimi ndiye niliyekuwa na orodha. Jina lako lilikuwepo kando ya la binti yako. Nilijua unarudi. Lakini siku zilipita, na harufu... Nikaona siku nane ni nyingi. Nikampitisha. Tukawazika wote shimo moja, nyuma ya karakana." Akavua miwani. "Mwaka uliofuata wakaja kujenga ukumbi huu. Mafundi waliokuwa wanachimba msingi wakawakuta, majembe yakawatawanya. Hakuna aliyetaka maneno. Wakamwaga saruji juu."

"Ukumbi huu?" Mama Chupa aliuliza.

Profesa alitikisa kidevu, kuelekea chini.

Mama Chupa aliondoa mikono yake sakafuni.

"Bibi," Profesa alisema, "nitafanya lolote. Nitaandika barua. Nitakwenda popote unaponitaka nikaseme."

"Sikuja kugombana," Bibi alisema, anajiinua kwa kushikilia ukuta. "Nguvu za kugombana ziliniishia zamani. Nifungulie tu huu mkoba, vidole vyangu havikunjiki."

Profesa akaufungua. Mama Chupa akaifunga mifupa kwenye koti lake jeupe la kazini, mirefu chini, midogo katikati, fuvu juu, akaitia mkobani. Akaubeba mkoba hadi getini, Bibi akitembea kando yake na mkono mmoja umegusa kitambaa muda wote. Mlinzi alisimama.

"Bibi, mzigo wote huo utauweza?"

"Nilimleta akiwa mzito kuliko huu," Bibi alisema. Akauweka begani, akapita, na hakugeuka.

Jioni ile Mama Chupa alinawa mikono mara tatu kabla ya kumgusa mama yake. Alipopitisha kiganja cha kushoto chini ya kisogo, mama yake, ambaye kwa mwaka mzima na nusu hakuwahi kugeuka mwenyewe, aligeuza uso. Akakinusa kiganja. Akamtazama binti yake kwa macho yaliyojaa maswali, halafu, polepole sana, akakiegemeza kichwa chake palepale. Mama Chupa alimnywesha uji. Alilia huku akimnywesha, na hakujua hasa analilia nini. Akalala fofofo, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi.

Jumatatu alirudi kazini. Profesa hakufika. Alikuwa ameacha bahasha mezani kwa mkuu wa chuo, na mhudumu wa ofisi alisema ilikuwa nene. Ukumbini meza zilikuwa bado zimesimama. Mama Chupa alimrudisha Shemeji kwenye boksi lake, akahesabu, mia mbili na sita, akaweka sahihi. Fundi seremala akaja kuzifungua zile meza ndefu, kwa maana zilikuwa mbao tu zilizowekwa juu ya miguu kwa ajili ya siku ile.

Kwenye meza ya mwisho wakaondoa kitambaa cha buluu. Wakashika mbao huku na huku, wakaigeuza.

Fundi akaachia upande wake.

"Nani kachezea huku?" alisema.

Upande wa chini wa mbao, ule uliotazama sakafu, ulikuwa umejaa alama za viganja. Vya saruji, vya kijivu, vimebandikwa kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, vidole vimetanuka, kama vya watu wanaosukuma kifuniko. Mama Chupa alitazama sakafu. Ilikuwa kavu, nzima, haina hata ufa wa kuingiza sindano.

Akainama karibu. Kulikuwa na kiganja chembamba cha msichana. Kulikuwa na kipana cha mwanamume, kidole cha kati hakipo. Kulikuwa na cha mzee, kimepinda. Alihesabu hadi thelathini na saba, akafika kwenye kimoja kilichokuwa pembeni kabisa, kisichozidi ukubwa wa kijiko cha chai, na hapo akaacha kuhesabu.

Akakigusa kwa ncha ya kidole. Saruji ilibonyea. Ilikuwa mbichi.

Mbao ile sasa iko stoo, imeegemezwa, uso wake ukitazama ukuta. Imepita miezi saba. Kila Jumatatu Mama Chupa huingia, hupitisha mkono nyuma yake na kubonyeza. Bado haijakauka.